Bando la shule linaisha tarehe 12: namna ya kujua nani analila bila kufungua barua za watu

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika sekondari ya binafsi huku Tukuyu, na kila chenye waya hapa shuleni ni changu. Tuna kompyuta 22 maabara, 4 za ofisi, na wifi ya walimu. Walimu tupo 18. Intaneti inaingia kwa ruta ya 4G, inakwenda kwenye swichi ya poti 24, na kutoka hapo kuna akses pointi moja ya chumba cha walimu. Tunanunua GB 300 za mwezi mzima, lakini mwezi huu na uliopita zimeisha tarehe 12. Hata bando likiwepo, ikifika saa nne asubuhi mtandao unakuwa mzito mpaka mhasibu anashindwa kuingia kwenye mfumo wa benki. Niliweka Wireshark kwenye kompyuta ya sekretari nione nani anakula bando, naona kompyuta hiyohiyo tu na takataka nisizozielewa. Ruta inaonyesha vifaa 41, vingi havina majina, nahisi majirani wamepata pasiwedi. Mkuu wa shule anataka tuone walimu wanafanya nini mtandaoni, hata meseji za WhatsApp, na kuna fundi wa Mbeya mjini anasema ana programu ya kuona kila kitu. Nifanye nini?"*

Mwalimu, pole kwa mzigo. Umeuliza mambo matatu yaliyosukwa pamoja, na ndiyo maana yamekuchosha: bando linaliwa na nani, kwa nini mtandao unalemea saa nne, na je, shule inaweza kuona watu wanafanya nini. Mawili ya kwanza yana majibu ya uhakika, na utayapata mwenyewe ndani ya wiki mbili. La tatu lina sehemu isiyowezekana na sehemu inayokatazwa na sheria. Nitalifikia.

Tuanze na hesabu, maana bando ni hesabu kabla halijawa wizi. GB 300 kwa siku 12 ni GB 25 kwa siku. Kasi ya Mbps 1 ikienda mfululizo kwa saa moja hubeba MB 450, na kwa siku nzima hubeba GB 10.8. (Kasi huhesabiwa kwa biti na bando kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Ndiyo maana laini ya Mbps 8 hupakua MB 1 tu kwa sekunde.) Kwa hiyo GB 25 ni kitu kinachovuta Mbps 2.3 usiku na mchana, au Mbps 7 kwa saa nane za kazi. Kwa kompyuta 26 na walimu 18, hicho si kiasi cha ajabu. Hakihitaji mwizi.

Na hao majirani: kompyuta 26 na simu 18 ni vifaa 44, bado hujahesabu mwalimu mwenye simu mbili. Ruta yako imeonyesha 41. Kukosa majina nako kuna sababu yake. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14, hazitoi tena anwani halisi ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) zinapojiunga na wifi; hujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao ili zisifuatiliwe. Utaitambua kwa herufi ya pili ya anwani hiyo: ikiwa ni 2, 6, A au E, kwa mfano D6:3A na kuendelea, basi imetungwa, na ruta haiwezi kusema ni Samsung au Tecno. Simu ikisahau mtandao kisha ikajiunga upya, inaweza kuja na anwani nyingine na kuonekana kifaa kipya, huku ile ya zamani ikibaki kwenye orodha mpaka muda wake wa kukodishwa anwani uishe. Badilisha pasiwedi hata hivyo, uzime na WPS (njia ya kujiunga na wifi bila kuandika pasiwedi), kwa sababu ni kazi ya dakika tano. Kisha subiri siku mbili. Idadi ikirudi kule kule baada ya wewe kuwapa pasiwedi mpya walimu tu, vifaa vile ni vya kwenu.

Sasa Wireshark. Programu yenyewe ni nzuri na haikukosea. Wewe umeisimamisha mahali pabaya. Watu wengi hudhani ukichomeka kompyuta kwenye mtandao unasikia mazungumzo yote yanayopita. Hilo lilikuwa kweli enzi za habu, kisanduku kilichorudia kila kinachoingia kwenye matundu yake yote. Swichi haifanyi hivyo. Inajifunza ni anwani ipi ya MAC iko kwenye poti ipi, inaweka jedwali, na pakiti (kipande cha data) ya mhasibu inaipeleka kwenye poti ya mhasibu peke yake. Kompyuta ya sekretari haiguswi. Inachopata ni mazungumzo yake yenyewe na matangazo ya jumla, na hayo ndiyo uliyoyaita takataka. Ule mstari uliojirudia mara mia, *Who has 192.168.8.1? Tell 192.168.8.105*, ni kompyuta inayouliza mtandao mzima, "Nani mwenye anwani hii? Nijibu mimi." Ni salamu za kawaida za mtandao wa ndani, hazina ubaya na hazili bando.

Kuna programu zitakazokushawishi kwamba zinaweza kuizunguka swichi kwa kuzidanganya kompyuta zote kuwa mashine ya sekretari ndiyo ruta. Usiziguse. Ni mbinu ileile ya wavamizi. Zaidi ya hapo, intaneti ya shule nzima itaanza kupita ndani ya kompyuta moja, na siku ikizimwa au ikilala usingizi, shule yote inakatika na wewe hujui pa kuanzia.

Wewe umeona mizani za magari kwenye barabara kuu ya Tanzam, pale Makambako kwa mfano. Haikuwekwa ndani ya shamba la mtu wala kwenye kichochoro cha mtaa, imewekwa pale ambapo lori halina njia nyingine ya kupita. Na mpimaji hafungui magunia: anaandika namba ya gari na uzito wake, basi. Mtandao wa shule unataka kitu hichohicho, yaani kipimo kimoja mlangoni kinachojua kifaa na uzito. Mlango wenu ni ruta ya 4G, na ruta nyingi za aina hiyo huonyesha jumla ya matumizi lakini hazigawi kwa kila kifaa. Ndipo penye pengo.

Lakini kabla hujanunua chochote, zunguka maabara na daftari. Windows huweka kumbukumbu ya siku 30 kwa kila programu. Kwenye Windows 10 fungua Settings, Network & Internet, kisha Data usage. Kwenye Windows 11 kipo ndani ya Advanced network settings. Andika jumla ya kila kompyuta na programu tatu za juu. Kompyuta 26 zitakuchukua mchana mmoja, na mara nyingi nusu ya jibu hupatikana hapo bila kutoa hata shilingi.

Ukiona System au huduma za Windows ziko juu, hayo ni masasisho. Sasisho kubwa la Windows hufika kwa urahisi GB 4. Zidisha kwa 22, ni GB 88, karibu theluthi ya kifurushi chenu, na hakuna binadamu aliyegusa kitufe. Tena kuna jambo linaloumiza maabara nyingi za shule. Kama kompyuta zenu zina programu inayozirudisha zilivyokuwa kila zinapowashwa, mfano Deep Freeze, sasisho hupakuliwa leo, kompyuta ikizimwa linafutika, kesho linapakuliwa upya. Kompyuta inashusha mzigo uleule kila siku na haitosheki kamwe. Mkiwa na programu hiyo, zima masasisho ya moja kwa moja kwenye mashine hizo, kisha mara moja kwa mwezi ondoa ulinzi, sasisha, urudishe.

Kwa zilizobaki, kwenye kila kompyuta weka alama ya Set as metered connection kwenye mtandao wa shule. Windows itajizuia kupakua mizigo mingi yenyewe. Halafu ndani ya Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, ruhusu kupokea masasisho kutoka kompyuta za mtandao wa ndani peke yake, si za intaneti. Siku ya kusasisha, toa ile alama, iache kompyuta moja imalize kwanza, ndipo uziwashe nyingine. Sehemu ya mzigo itapita kwenye swichi kati ya kompyuta na kompyuta, na kinachopita kwenye swichi tu hakiligusi bando. Usiache kusasisha kabisa kwa ajili ya kuokoa GB. Kompyuta ya mhasibu isiyosasishwa ni hatari kubwa kuliko bando lililoisha.

Baada ya hapo ndipo uweke mizani. Kwa shule ya ukubwa wenu ninapendekeza ruta ndogo ya MikroTik yenye poti tano, kama hEX. Si ruta pekee inayofaa, ila ina vipimo vyote ndani yake bila leseni ya ziada, na mafundi wanaoijua wapo Mbeya. Waya kutoka ruta ya 4G uingie poti ya 1. Poti ya 2 iende kwenye swichi. Poti ya 3 iende kwenye akses pointi.

Mambo matatu huharibu kazi hapa. La kwanza, wifi ya ruta ya 4G ikibaki imewashwa, anayeijua atapita nyuma ya mizani na hutamwona kamwe. Izime, na usiache kebo nyingine yoyote kwenye poti zake. La pili, anwani zisigongane: kama ruta ya 4G inatumia 192.168.8.1, MikroTik ibaki na yake ya kiwandani 192.168.88.1. Zikifanana, hakuna kitakachopita. La tatu, na hili ndilo linalowapoteza wengi, akses pointi iwe kwenye hali ya akses pointi kweli, isiwe ruta. Ikiwa ruta, simu zote 18 zitajificha nyuma ya anwani moja na utadhani kuna kifaa kimoja chenye njaa ya ajabu. Zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani), na waya uingie kwenye poti yake ya LAN (ya ndani), usiingie ile ya WAN (ya intaneti).

Badilisha pasiwedi ya kiwandani na usasishe RouterOS, mfumo unaoiendesha MikroTik, siku hiyohiyo. Mwaka 2018 ilijulikana kasoro kwenye Winbox, njia ya kuisimamia MikroTik, na ruta nyingi duniani zilitekwa ilhali marekebisho yalikuwa yameshatolewa. Wenyewe hawakusasisha tu. Weka pia saa: washa NTP Client, inayochukua saa sahihi mtandaoni, na uchague Africa/Dar_es_Salaam. Ruta nyingi za aina hii hazina betri ya saa, na kwa umeme wa kukatika, kumbukumbu zako zitakuwa na tarehe za uongo.

Kazi inayofuata ni kuwapa watu majina. Ndani ya Winbox fungua IP, DHCP Server, Leases. Kila kompyuta ya shule ifanye Make Static, uiandikie maelezo, "maabara 07", "mhasibu", na uipe anwani kuanzia 192.168.88.10 hadi 40. Chomoa kebo yake na kuichomeka tena ndipo ichukue anwani mpya. Kisha rekebisha fungu la anwani za kugawa lianzie 192.168.88.130 na kuendelea, ili simu na kila kigeni kiangukie huko juu. Mpangilio huu una faida utakayoiona sasa hivi.

Nenda Queues, Simple Queues, yaani foleni za kupimia na kugawa kasi. Tengeneza moja ya jumla, iite "shule", lengo lake 192.168.88.0/24, yaani mtandao wote wa ndani. Chini yake, ukiitaja "shule" kama Parent, tengeneza moja kwa kila kompyuta ya shule, na moja tu kwa simu zote, lengo 192.168.88.128/25, yaani anwani zote kuanzia 128 kwenda juu. Safu ya Bytes itakuambia kila moja imebeba kiasi gani. Simu zihesabiwe kama kundi kwanza. Kundi zima likiwa limekula GB 2 kwa siku, huna sababu ya kujua ni simu ya nani.

Hapa wengi hukwama: queue zipo, watu wanatumia, hesabu inasoma karibu sifuri. Sababu ni kanuni ya kiwandani iliyoko IP, Firewall, Filter Rules, yenye maandishi ya fasttrack. Kazi yake ni kupitisha mazungumzo yaliyoshakubaliwa kwenye njia ya mkato ili ruta isichoke, na njia hiyo haipiti kwenye queue. Ni lori lililopewa ruhusa ya kutoingia mizani. Izime. Kwa kasi ya 4G ruta itamudu bila shida. Mazungumzo yaliyokuwa yameanza yataendelea na mkato mpaka yaishe, kwa hiyo washa upya ruta usisubiri.

Hesabu za queue hurudi sifuri umeme ukikatika, na Tukuyu ya masika huo si utabiri mgumu. Kwa hiyo fanya mawili: ruta zote mbili na swichi zikae kwenye UPS ndogo, na uwashe Tools, Graphing, Queue Rules, zihifadhiwe kwenye diski. Utafungua 192.168.88.1/graphs kwenye kivinjari na kuona siku, wiki na mwezi kwa michoro. Mchoro wa usiku ndio wa kuangalia kwanza. Saa nane usiku maabara imefungwa na walimu wamelala; mstari ukiwa juu saa hiyo, ni mashine inayofanya kazi peke yake.

Kwa kuona papo kwa papo kuna Tools, Torch. Chagua bridge (upande wa ndani unaounganisha poti za shule), usichague poti ya 1. Kwenye poti ya 1 anwani za ndani zimeshageuzwa kuwa moja, utaona kila mzigo ni wa ruta. Kwenye bridge utaona mistari kama 192.168.88.17, poti 443, Mbps 5.8. Poti 443 ni tovuti na programu za kawaida, karibu kila kitu siku hizi. Na angalizo dogo linalowachanganya hata wazoefu: Tx kwenye Torch ni kile ruta inachokitoa kwenda kwa kifaa, yaani kifaa kinapakua. Rx ni kile kifaa kinachopandisha.

Hilo la kupandisha linatuleta saa nne. Walimu wanaingia kunywa chai, simu 18 zinaikuta wifi kwa pamoja, na simu zimewekewa zifanye mizigo mizito zikiwa kwenye wifi tu: kuhifadhi picha na video, kusasisha programu, kupakua video za magrupu. Laini ya 4G kwa kawaida ina njia nyembamba ya kupandisha kuliko ya kupakua. Njia hiyo ikijaa picha, hata anayepakua anakwama, kwa sababu kila anachopokea lazima kifaa chake kirudishe ujumbe mfupi wa "nimepata", na ujumbe huo umepanga foleni nyuma ya video ya sherehe ya mtu. Ndiyo maana mhasibu hafungui ukurasa wa benki wenye KB chache tu. Simhukumu mtu hapa. Karibu kila simu imewekwa hivyo na mwenyewe hana habari.

Hakikisha kabla ya kuamini. Saa nne na dakika kumi, kwenye kompyuta ya mhasibu, fungua Command Prompt uandike ping 192.168.88.1 -t, na kwenye dirisha la pili ping 8.8.8.8 -t. Ping hutuma ujumbe mfupi na kupima jibu linachukua milisekunde (ms) ngapi kurudi. Ya kwanza kwa kebo inatakiwa isome chini ya ms 1 au 2. Ikisoma makumi au ikidondosha majibu, tatizo liko ndani: kebo, swichi, au mzunguko. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili ikaruka kutoka ms 50 hadi 800, mlango umejaa. Fungua Torch upange kwa Rx, utamwona. Zote zikiwa safi na benki bado haifunguki, tatizo ni la benki.

Kwa mlango uliojaa, kwenye ile queue ya "shule" weka Max Limit chini kidogo ya kasi mnayoipata saa mbaya kabisa, kama asilimia 85 yake. Ukiweka kubwa kuliko kasi halisi, foleni inajengeka kwa mtoa huduma ambako wewe huna mkono, na queue yako haifanyi chochote. Queue ya mhasibu mpe Limit At ya 1M kupandisha na kupakua, na Priority 1. Kipande hicho ni chake hata walimu wote wakiwa hewani. Queue ya simu iwe na aina ya pcq-upload-default na pcq-download-default, inayogawa sawa kwa kila simu badala ya kumwachia mwenye simu kali. Ila usitarajie kupunguza kasi kutaokoa bando peke yake. Mbps 2 zikikimbia siku nzima bado ni GB 21.6. Kinachookoa bando ni kuondoa mzigo usiohitajika: masasisho yanayojirudia, video za kiwango cha juu zisizo za lazima, kompyuta zinazolala zikiwa zimewashwa.

Na ule mzunguko niliougusia, utambue kwa macho. Mtu anafagia, anakuta kebo inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu la jirani kwa nia njema. Kumbe ncha ya pili nayo iko kwenye swichi ileile. Tangazo moja linazunguka bila mwisho na kujizalisha. Taa zote za swichi zinawaka na kuzima kwa pamoja, kwa haraka sana, na hata ping ya ndani inakufa. Chomoa kebo moja moja mpaka zitulie.

Sasa la mkuu wa shule, na tafadhali mwonyeshe sehemu hii. Meseji za WhatsApp zimefungwa kwa usimbaji kutoka simu hadi simu tangu 2016. Ukikaa mlangoni utaona simu fulani imezungumza na seva za WhatsApp na imebeba MB kadhaa. Maneno huyaoni, na hata WhatsApp wenyewe hawayaoni. Tovuti za HTTPS, yaani zinazofunga mawasiliano kwa usimbaji, ni vivyo hivyo: mara nyingi utajua jina la tovuti, hutajua ukurasa uliosomwa wala kilichoandikwa. Anayekuahidi programu ya kuona kila kitu ana njia mbili tu. Ama anaweka programu ya upelelezi ndani ya kila simu, ama anaweka cheti chake kwenye kila kompyuta ili ruta ijifanye tovuti, ifungue kila bahasha, isome, kisha iifunge tena. Kwa njia hiyo ya pili, pasiwedi ya benki ya shule nayo inasomeka hapo katikati. Mwulize huyo fundi swali moja kabla ya kumlipa: "Utaiweka wapi, na itafunguaje HTTPS?" Jibu lake litakutosha.

Na sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali, awaambie, akusanye zinazotosha tu na azilinde. Kumbukumbu ya kwamba simu ya mwalimu fulani ilifungua tovuti ya hospitali saa tano ni taarifa yake binafsi. Kwa hiyo andikeni ukurasa mmoja: mtandao wa shule unapimwa kwa kiasi na kwa kifaa, kwa ajili ya bando na usalama, yaliyomo hayasomwi, kumbukumbu zinafutwa baada ya siku 30, msimamizi ni fulani. Walimu wausome na kusaini kabla hujawasha kipimo. Ukianza kimyakimya, siku watakapogundua, hakuna atakayeamini kwamba ulikuwa unahesabu GB tu.

Wanafunzi maabara ni suala jingine, kwa kuwa kompyuta ni za shule na mwalimu ana wajibu wa kuwasimamia. Tumia Veyon, programu ya bure inayokuonyesha skrini zote 22 wakati wa kipindi, huku wanafunzi wakijua. Kuzuia tovuti chafu, elekeza DNS ya ruta (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kwenye 1.1.1.3. Haizuii kila kitu, lakini inazuia mengi bila kupeleleza yeyote.

Mambo haya usiyafanye peke yako. Kama kuna kebo ya shaba inayopita nje kutoka jengo moja hadi jingine, mwite fundi wa umeme na mtandao aje aione kabla ya mvua. Kwa radi za Rungwe, waya huo unaweza kuunguza swichi na kila kilichochomekwa. Kati ya majengo panatakiwa faiba au redio za nje, na shaba ya ndani isizidi mita 100. Pili, ukiona kwenye IP, Firewall, Connections kompyuta moja inagonga mamia ya anwani kwa wakati mmoja kwenye poti 445 au 25, hiyo imeambukizwa. Chomoa kebo yake ya mtandao. Usiifute wala kuiwekea Windows upya, iache ilivyo mpaka mtaalamu wa usalama aiangalie. Ikiwa ni ya mhasibu, benki wapigieni simu saa hiyohiyo kwa namba iliyo kwenye mkataba wenu, na kama fedha imetoka, mwende polisi na kompyuta hiyo ikiwa haijaguswa.

Tatu, kama ufungaji wa MikroTik unakutia wasiwasi, mlipe fundi siku moja, mkae pamoja, na umwambie mapema kwamba pasiwedi zote zitabaki kwako na kwa mkuu wa shule. Akimaliza, nenda Files, bonyeza Backup, uiburute kwenye flashi uifungie kabatini. Radi ikipita, ukinunua ruta ya aina ileile utairudisha kwa dakika kumi.